Risasi za dukani za .243 na .223 kwa kulungu: tazama kichwa kabla ya kasi

Ndugu yetu aliyeandika kutoka Kasarani ameeleza kwamba dada yake na shemeji yake wanaishi karibu na San Antonio, Texas, na wamemwalika akawinde nao kulungu mwezi wa Novemba. Shemeji ana bunduki mbili nyepesi, moja ya .243 Winchester na nyingine ya .223 Remington (namba hizo ni kaliba, yaani takriban upana wa kichwa cha risasi kwa sehemu ya inchi), na amemwachia mgeni wake uamuzi wa risasi za kununua. Muuzaji mmoja alimshauri shemeji achukue zile zenye kasi kubwa kuliko zote, kwa hoja kwamba bunduki ya kaliba ndogo hutegemea kasi. Ndugu yetu anauliza kama ushauri huo unafaa kufuatwa.

Haufai, na kwa kuwa atakayeumia ni mnyama, naomba nieleze kwa kirefu. Kabla ya kurejea Nairobi nilifanya kazi kwa miaka mingi katika ranchi moja ya ng'ombe kwenye vilima vya Hill Country, kaskazini-magharibi mwa San Antonio, ambako kila msimu walikuja wageni kuwinda. Kazi yangu ya jioni ilikuwa kuchuna na kupasua kulungu waliopigwa siku hiyo. Ninayoyasema hapa niliyaona ndani ya vifua na mabega ya wanyama wenyewe, nikiwa na kisu mkononi, na mara nyingi mwenye bunduki akiwa amesimama kando yangu akiniambia ametumia paketi gani.

Risasi nzima ina ganda, kiwashio, baruti na kichwa, na katika hivyo vinne ni kichwa peke yake kinachomfikia mnyama. Winchester walipoitoa .243 mwaka 1955, walichukua ganda la .308 wakalibana shingo ili lipokee kichwa cha milimita 6, na tangu mwanzo waliiuza kwa kazi mbili: vichwa vyepesi kwa wanyama wadogo waharibifu na vichwa vizito kwa kulungu. Kazi hizo mbili bado zimepangwa kwenye rafu moja, paketi zikiwa zimebanana na zote zimeandikwa .243, na hapo ndipo mnunuzi mgeni hupotea.

Chukua mfano wa paketi mbili. Hornady huuza .243 yenye kichwa cha V-Max cha greni 58 (greni ni kipimo cha uzito), ambayo paketi yake inataja kasi ya futi 3,925 kwa sekunde. Federal nao wana Power-Shok ya greni 100, yaani takriban gramu 6.5, inayotoka kwa futi 2,960 kwa sekunde. Ukikokotoa nguvu mdomoni mwa mtutu, ile nyepesi ina takriban futi-pauni 1,985 na ile nzito takriban 1,945, kwa hiyo anayesoma tarakimu peke yake ataona kwamba ile nyepesi inashinda kwa kasi na kwa nguvu pia. Lakini V-Max imeundwa kwa ajili ya koyote, mnyama wa jamii ya mbweha, na wanyama wadogo wachimbao mashimo, na gamba lake la nje la shaba ni jembamba makusudi, ili kichwa kisambaratike mara tu kinapogusa mwili. Sifa hiyo inafaa kwa mnyama wa kilo chache. Kwa kulungu ni hatari, kwa sababu kichwa humaliza nguvu zake zote kwenye nyama ya juu kabla ya kufika penye uhai.

Namkumbuka jike mmoja aliyeletwa akiwa amepigwa begani kwa kichwa cha namna hiyo. Juu ya bega palikuwa na jeraha pana kama kiganja, nyama imesagika, na vipande vya gamba la shaba vimekwama kwenye mfupa wa bega ambao ulikuwa umepasuka bila kutoboka. Nilipofungua kifua nilikuta mapafu yote mawili yakiwa mazima. Mnyama yule alikuwa ametembea na maumivu hayo mpaka risasi ya pili ilipompata. Aliyempiga alilenga vizuri, kwa hiyo kosa lilikuwa la paketi.

Kichwa cha greni 100 chenye ncha laini hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Gamba lake huwa nene zaidi kuelekea kitako, na kiini chake cha madini ya risasi kimeachwa wazi kwenye ncha ili kianze kufunguka kikipenya. Mara nyingi nilikuta tundu dogo upande wa kuingilia, mapafu yamepasuliwa, na upande wa pili tundu jingine kubwa kidogo. Pale ambapo kichwa hakikutoka, nilikitafuta kwa vidole chini ya ngozi ya upande wa pili, nikakikuta kimefunguka kama uyoga na sehemu kubwa ya uzito wake ingali imeshikamana. Remington Core-Lokt, Winchester Power-Point na Federal Power-Shok, zote za greni 100, zilinipa matokeo hayo msimu baada ya msimu, na hizo ndizo paketi za bei ya kawaida. Kwa kulungu wa kusini mwa Texas, ambaye jike wake huwa na kilo 40 hivi akiwa hai na dume mzima kilo 60 hivi, yaani umbo la swala pala unayemwona katika Mbuga ya Nairobi, sioni sababu ya kutafuta kitu cha ajabu zaidi. Angekuwa anakwenda Minnesota au Kanada, ambako dume huvuka kilo 100, ningemsisitizia Nosler Partition, kichwa kinachouzwa tangu 1948 na chenye ukuta wa shaba katikati, ambapo nusu ya mbele hufunguka na nusu ya nyuma hubaki nzima ikiendelea kusukuma.

Kuhusu .223 nina tahadhari kubwa zaidi. Risasi zake za bei nafuu, zile zinazouzwa kwa mamia ndani ya boksi moja, karibu zote ni za greni 55 zenye gamba kamili la chuma laini au shaba mpaka kwenye ncha. Hizo ni za kulengea shabaha. Katika mwili wa kulungu zinaweza kutoboa njia nyembamba na kupita, na mnyama akaenda kufia mbali mahali ambapo hutampata. Majimbo mengi yamezikataza kwa wanyama wakubwa kwa sababu hiyo. Kama ni lazima kutumia .223, ziko risasi zilizotengenezwa kwa kazi hii: Winchester Power-Point ya greni 64, Federal Fusion ya greni 62, Nosler Partition ya greni 60, na Barnes TSX ya greni 55 ambayo ni shaba tupu. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni kati ya futi-pauni 1,240 na 1,300 hivi, na takwimu hizo hupimwa kwa mtutu wa inchi 24. Mtutu mfupi wa inchi 16 hupunguza kasi kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo .223 ni bunduki ya yadi 100 (takriban mita 90), ya mnyama aliyesimama ubavu mtupu, na ya mpigaji ambaye yuko tayari kuishusha bila kupiga endapo kulungu amemwelekea kwa kifua au bega.

Sheria za mahali pengine zinaonyesha jinsi waliotafakari jambo hili walivyoamua. Virginia hudai kaliba isiyopungua .23 kwa kulungu, kwa hiyo .223 haikubaliki kabisa. Colorado hudai .24 na kichwa kisichopungua greni 70. Uingereza, kwa Sheria ya Kulungu ya 1991, hudai .240 na nguvu ya futi-pauni 1,700, ingawa kwa aina mbili ndogo za kulungu imelegeza masharti. Texas hairuhusu risasi ambazo kiwashio chake kimo ukingoni mwa ganda, kama ile .22 ndogo ya kufundishia, lakini kwa zenye kiwashio katikati haijaweka kaliba ya chini. Kuruhusiwa huko hakuipi .223 nguvu ambayo haina. Shemeji akikuachia uchague, chukua .243.

Kabla ya kulipa, soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu wa bunduki yenyewe. Bunduki iliyoandikwa .223 Remington isitiwe risasi za kijeshi za 5.56, hata kama zinaingia bila shida, kwa sababu shinikizo lake linaweza kupita kiwango ambacho chemba hiyo, yaani sehemu ya mtutu inayokaa risasi, imeundiwa. Tazama pia mzunguko wa mifuo ya ndani ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa ili kitulie hewani. Mtutu wa .223 wa zamani wenye mzunguko mmoja kwa kila inchi 12 hufaa vichwa vifupi vya greni 55 hivi, na vilivyo virefu zaidi huenda visitulie hewani. Ukiona tundu kwenye karatasi ni refu upande mmoja badala ya duara safi, jua kichwa kimefika kikiwa kimelala ubavu, na paketi hiyo haifai kwa bunduki hiyo. Mzunguko wa inchi 9 hauna tatizo hilo kwa vichwa nilivyovitaja. Kwa .243 nyingi za kisasa, greni 100 hutulia vizuri.

Ndugu yetu amegusia pia kwamba nyama italiwa na watoto wa dada yake. Vichwa vya kawaida vina kiini cha madini ya risasi, na vipande vyake vidogo husambaa kwenye nyama mbali na jeraha kuliko jicho linavyoweza kuona. Mimi nilikuwa nikikata na kutupa nyama kwa upana wa kiganja kizima kuzunguka jeraha, na wageni wengine walilalamika kwamba napoteza nyama. Sikubadili utaratibu huo. Njia bora zaidi, kwa familia yenye watoto wadogo au mama mjamzito, ni kununua vichwa vya shaba tupu, kama Barnes TTSX ya greni 80 kwa .243, inayotoka kwa takriban futi 3,350 kwa sekunde. Hapa wepesi wa kichwa usikutie hofu kama ule wa V-Max, maana shaba haivunjiki ovyo. Hufunguka petali na kuendelea kupenya ikiwa na karibu uzito wake wote. California imeagiza risasi zisizo na madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Bei yake ni ya juu, lakini kwa uwindaji wa siku chache paketi moja au mbili zinatosha.

Ukishachagua aina mbili au tatu zinazofaa, bunduki yenyewe ndiyo itakayoamua ipi kati yake ibaki. Risasi ambayo katika bunduki ya jirani ilipanga matundu matatu yakigusana inaweza kutawanyika katika bunduki ya shemeji, bila yeyote kuwa na lawama. Nendeni kwenye uwanja wa shabaha, mweke karatasi kwenye yadi 100, mpige risasi tatu za kila aina huku mkiuacha mtutu upoe kati ya kundi na kundi. Matundu matatu yakikaa ndani ya upana wa sentimita 4 au hata 5, inatosha kabisa kwa mnyama ambaye eneo lake la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 20 hivi. Kisha sawazisheni darubini ili .243 ya greni 100 ipige sentimita 4 juu ya alama kwenye yadi 100. Itakuwa karibu sawasawa na alama kwenye yadi 200, na hapo katikati hutahitaji hesabu yoyote. Mkipata aina inayopendwa na bunduki, rudini dukani mnunue paketi zenye namba ileile ya toleo iliyopigwa chapa kwenye kasha, kwa kuwa kiwanda kinaweza kubadilisha baruti kidogo kati ya toleo moja na jingine na alama ikahama.

Lengo ni nyuma ya bega, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini, mnyama akiwa ubavu au amegeuka kidogo kuelekea mbali nawe. Damu utakayoikuta majanini ikiwa na povu la rangi ya waridi ni ya mapafu, na kulungu huyo yuko karibu.

Limebaki jambo la sheria, na hili ndugu yangu ulifanye kabla ya mengine yote. Sheria ya shirikisho ya Marekani humkataza mgeni mwenye viza ya muda kumiliki au kushika bunduki na risasi, isipokuwa ametimiza masharti fulani, na lililo rahisi zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la huko. Kata leseni ya Texas kwanza, ndipo uguse paketi dukani. Kama ulizaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye, Texas itakudai pia mafunzo ya mwindaji, kwa hiyo ulizia mapema namna mgeni anavyoyatimiza. Na zitakazosalia mwachie shemeji. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Silaha haimruhusu mtu kuwa na risasi bila cheti. Kwa hiyo kung'uta kila mfuko wa koti na wa begi ulilobeba porini kabla hujaenda uwanja wa ndege, kwa maana hata risasi moja ikionekana kwenye mashine ya ukaguzi JKIA utaitolea maelezo kwa polisi.