Timu ikitishia kufunga mizigo: maswali yenu kuhusu uwanja na kodi

Majuzi niligusia hapa mtindo wa timu za Marekani kuiambia miji yao, "Tujengeeni uwanja mpya au tunahama." Nilidhani ni habari ya kupitisha wakati tu. Kumbe barazani watu wameishika, na sasa wanauliza: Malindi nayo ikipata timu ya ligi kuu, tutaambiwa hivyo hivyo? Maswali ni mengi, nimeyapunguza. Waliotukana sijawajibu.

"Kocha, mjomba wangu anaishi Buffalo, Marekani. Anasema kodi yake inajenga uwanja wa timu ya bilionea. Ananifanyia mzaha?" (Kijana wa Maweni)

Hafanyi mzaha. Timu ni Buffalo Bills, na mpira wenyewe si huu wetu. Ni ule wa kubebwa mkononi, wachezaji wamevaa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Mwaka 2022 jimbo la New York na kaunti ya Erie zilikubali kutoa dola milioni 850: jimbo milioni 600, kaunti milioni 250. Wakati huo uwanja ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 1.4. Mwenye timu, Terry Pegula, aliyetajirikia kwenye gesi, aliinunua timu nzima mwaka 2014 kwa bilioni 1.4 hiyo hiyo. Yaani nyumba imefikia bei ya mwenye nyumba.

Lakini kuna jambo moja waliomwakilisha mjomba wako walilifanya kwa akili. Waliandika kwenye mkataba kwamba gharama ikizidi makadirio, ziada inabebwa na timu. Ikazidi kweli, ikapita bilioni 2, na ziada hiyo haikumwangukia mjomba. Tena timu imefungwa kwa mkataba wa miaka 30. Muulize kama angalau amepata tiketi.

"Timu inahamaje, Kocha? Gor Mahia ikihamia Malindi itakuwa bado Gor?" (Msomaji, Shela)

Gor haiwezi kuhamishwa na mtu mmoja kwa sababu ni ya wanachama. Hata uchaguzi wao tu huwa vita, sembuse kuhama.

Marekani mambo ni mengine. Ligi yao ile ina timu 32 basi. Hakuna kupanda daraja wala kushuka. Mwenye timu ni kama mtu mwenye leseni ya ruti ya matatu ambayo hazitolewi nyingine, na miji inayotaka timu ni mingi kuliko timu zenyewe. Hapo ndipo vitisho vinapopata nguvu. Akisema anahama, kuna mji mwingine umeshapiga fagio unamngoja.

Na huhama kweli, sitawadanganya. Timu ya Chargers ilikaa San Diego tangu 1961. Novemba 2016 wapiga kura wakakataa kuongeza kodi ya hoteli ili wajengewe uwanja. Januari 2017 timu ikatangaza kwenda Los Angeles. Oakland imepoteza timu tatu katika miaka isiyozidi sita: ya mpira wa kikapu ilivuka ghuba kwenda San Francisco 2019, Raiders, wa ligi ile ya kofia ngumu, wakaenda Las Vegas 2020, na timu ya besiboli ikaondoka 2024. Raiders walipoondoka, watu wa Oakland walikuwa bado wanalipa deni la ukarabati waliofanyiwa Raiders hao hao kwenye miaka ya tisini. Mke ametoka, mahari bado yanalipwa.

Uingereza waliwahi kuonja. Timu ya soka ya Wimbledon, ya London, ilipelekwa mji wa Milton Keynes mwaka 2003. Mashabiki hawakungoja, mwaka mmoja kabla walishaunda timu yao, AFC Wimbledon, wakaanza madaraja ya chini sana na kupanda wenyewe mpaka ligi za kulipwa. Hilo liliwezekana kwa kuwa kule, kama hapa kwetu, ngazi iko wazi kwa atakayeweza kuipanda.

"Salaam Kocha. Nauza mahamri na viazi karai karibu na uwanja wa Alaskan. Wanasema uwanja mkubwa ukija kila mtu atakula. Mbona unapinga riziki zetu?" (Mama wa Barani)

Dada yangu, swali lako ndilo lililonikesha. Riziki yako siipingi, nami ni mmoja wa wanaoila.

Tuhesabu. Ligi kuu ya Kenya ina timu 18, kwa hivyo kila moja hucheza nyumbani mara 17 kwa msimu. Siku 17 katika mwaka mzima. Ile ya Marekani ni haba zaidi, mechi 8 au 9 za ligi nyumbani. Siku zilizobaki uwanja mkubwa ni ukuta tu, na mlinzi amelala kivulini.

Sasa itazame Jumamosi yako. Saa tisa na nusu, vijana wanakuja na viatu vimefungwa kamba vinaning'inia shingoni. Karai iko juu ya makaa, unga wa manjano umekukauka vidoleni, ukwaju uko kwenye chupa uliyoitoboa kizibo kwa msumari wa moto. Refa akipuliza mapumziko, unazungukwa. Yule kijana aliyekupa hamsini, asingekuja mpirani angeipeleka wapi? Angenunua mishikaki kwa jirani yako, au bando la simu, au angempa mamake aongeze nazi ya mbaazi. Wewe umepata, mwingine wa Malindi hii hii amekosa. Pesa haikuzaliwa, imehama mfuko. Wachumi wa Marekani wameichunguza hesabu hii kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata wale wasiosikizana kwa lolote wanakubaliana hapa: faida inayobaki mjini haifikii kodi iliyotolewa.

Pesa mpya ni ile inayokuja na mgeni. Gor au Leopards wakija na mabasi yao kutoka Nairobi na Mombasa, wakalala, wakala samaki, hiyo ni pesa ambayo haikuwepo. Lakini ni siku ngapi hizo? Mbili, tatu. Na wachezaji wenyewe kama nyumba zao ziko Mombasa, mishahara yao haitalala hapa.

Halafu kuna jambo wasilokwambia wanaokuhubiria uwanja. Viwanja vikubwa huuza haki ya chakula cha ndani kwa kampuni moja. Wa nje haingii na karai. Kwa hivyo siku wakiita watu kutoa maoni, usiulize kama uwanja utaleta biashara. Uliza nafasi za wachuuzi ziko ndani ya ua au nje, ni ngapi, kwa ada gani, na limeandikwa wapi. Wakikujibu "tutaangalia", ujue utakuwa nje.

"Nairobi wamejengewa Talanta. Sisi wa Pwani si Wakenya?" (Mkaazi wa Muyeye)

Ni Wakenya, na uchungu wako naujua. Ila ujue unachokitamani. Talanta, pale Jamhuri, ni uwanja wa viti 60,000 ulioanzishwa kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027 tulilopewa kuandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Fedha zake zilitafutwa kwa bondi, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji, ya karibu shilingi bilioni 44.8, iliyoorodheshwa soko la hisa Julai 2025, ya miaka 15, riba juu ya asilimia 15. Riba ya mwaka mmoja juu ya deni zima ni kama bilioni 6.7.

Mgao wa kaunti ya Kilifi kutoka serikali kuu umekuwa kama bilioni 12 kwa mwaka, ndani yake mna mishahara, zahanati, chekechea na barabara. Talanta moja ni karibu miaka minne ya mgao wetu wote, bila kumlipa hata muuguzi mmoja.

Sisemi Nairobi ilikosea. Nchi hii ilipokonywa Kombe la Afrika la 1996 na CHAN, kombe la wachezaji wa ligi za ndani, ya 2018 kwa sababu ya maandalizi na viwanja. Aibu hiyo naikumbuka. Lakini uwanja wa kupokea bara zima si kipimo cha mji wa kuchezea ligi.

"Kaunti si inaweza kukopa tu benki?" (Boda wa Ngala)

Haiwezi kivyake. Kifungu cha 212 cha Katiba kinataka mambo mawili: serikali kuu iudhamini mkopo huo, na bunge la kaunti liuidhinishe. Gavana yeyote akikuahidi uwanja wa mkopo kwenye mkutano wa hadhara, muulize barua ya udhamini iko wapi.

"Timu yetu ya mtaa ikipanda hadi ligi kuu itabidi ikacheze Mombasa kwa kukosa uwanja wa kukubalika. Hiyo si sawa na kuhama? Sasa kaunti isijenge?" (Nahodha mstaafu, Kisumu Ndogo)

Ndugu nahodha, hapa umenishika pabaya, kwa sababu nakubaliana nawe. Timu ikiitwa ya Malindi na inacheza Mbaraki, mtoto wa Malindi ataiona kwenye simu tu. Shabiki anayelipa nauli ya kwenda na kurudi Mombasa kila wiki mbili, mimi sijamkutana. Na Katiba, katika Jedwali la Nne, imeziweka huduma za michezo na vifaa vyake chini ya kaunti. Basi kujenga si zawadi, ni kazi yao.

Tunachotofautiana pengine ni kujenga nini, na kwa ajili ya nani. Timu ya ligi inahitaji nyasi nzuri, ua, vyumba viwili vya kubadilishia, chumba cha marefa, choo, maji, na jukwaa la watu elfu chache. Azam ya Dar ilijijengea Chamazi kwa mfuko wa mwenyewe, uwanja wa wastani, na imecheza hapo mechi za Afrika. Taa zikiwekwa, tutawashukuru. Paa la mviringo tuwaachie wengine.

Na ugonjwa wetu hauko kwenye kujenga, uko siku ya pili yake. Kuna uwanja mmoja hapa Pwani, jina silitaji, niliwapeleka vijana wangu wa chini ya miaka 17. Miezi minane baada ya sherehe ya kukata utepe. Nyasi zilikuwa zimebaki kwenye pembe nne tu, kama ndevu za mzee. Mpira wa maji wa kumwagilia ulikuwa umezungushwa vizuri ukutani, mkavu. Mlinzi akatuambia maji yalikatwa kwa bili, na ufunguo wa vyumba anao mtu aliyesafiri. Vijana walibadilisha nguo nyuma ya mkorosho. Ukuta wa mamilioni, na hakuna aliyekuwa ametenga pesa ya maji.

Kwa hivyo kabla ya jiwe la msingi mimi ningetaka kuona fungu la matunzo kwenye bajeti, kila mwaka, kwa jina. Na umiliki ubaki wa umma, timu iwe mpangaji. St. Louis walijenga uwanja wa kufunikwa kwa pesa za umma, timu ya Rams ikaja kutoka Los Angeles 1995. Ndani ya mkataba kulikuwa na sharti kwamba uwanja ubaki katika robo ya juu ya viwanja vyote vya ligi, la sivyo timu ina ruhusa ya kuondoka. Nani awezaye kubaki robo ya juu miaka 20, wengine wakijenga vipya kila leo? Mwaka 2016 timu ikarudi Los Angeles, deni likabaki kwa wenyeji. Walishtaki, na Novemba 2021 wakalipwa dola milioni 790 kumaliza kesi. Sisi hatuna wanasheria wa kutupatia hizo, afadhali tusome karatasi mapema.

Tena kuna Green Bay, mji mdogo wa watu kama laki moja, wenye timu katika ligi ile ile ya mabilionea. Haihami, kwa sababu haina bwana. Tangu 1923 imeuza hisa kwa wananchi, na wenye hisa leo ni zaidi ya nusu milioni. Gawio hawapati, ila hakuna wa kuifungia mizigo. Wakazi wa kule walikubali kwa kura, mwaka 2000, kulipa kodi ya kukarabati uwanja wao, na kodi ilipotimiza kazi yake ikafutwa. Wewe na wenzako, kabla hamjamtafuta mfadhili wa jezi, sajilini timu kwa wanachama.

"Hizo karatasi za bajeti mtu wa kawaida anazipata wapi?" (Mwanafunzi, Mambrui)

Kalenda iko kwenye sheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti yafike kufikia Aprili 30, yaidhinishwe kabla ya Juni 30. Wengi wetu huamka Juni, wakati mchuzi umeshaiva. Nenda Septemba. Kama uwanja haumo kwenye mpango ule, basi hizo ni hadithi za kampeni. Ukinyimwa nakala, andika barua ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na uhakikishe barua yako imepigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ni muhimu kuliko lugha nzuri.

"Kocha, wewe ungepewa hizo pesa ungeanza na nini?" (Binti wa timu ya wanawake, Ganda)

Choo cha wanawake, chenye mlango unaofungika kwa ndani. Fainali ya mwisho niliyohudhuria, wachezaji wawili walichelewa kipindi cha pili kwa kuwa walikuwa wamekimbia hadi nyumba ya nne kuomba. Refa aliwangoja dakika mbili, kisha akapuliza.