Faili iliyoharibiwa au faili lililoharibika?

Swali: Mimi ni fundi wa kompyuta Malindi. Mteja wangu yuko Langoni, Lamu, na Windows yake haifunguki. Nimemwandikia maelezo afuate mwenyewe: "Kompyuta ikikosa kuwaka, badilisha faili ya kompyuta iliyoharibiwa kwa flashi." Maalimu mmoja ameyasoma akasema niandike "faili lililoharibika". Nani ana haki?

Jibu: Maalimu ana haki, ingawa "faili iliyo-" si kosa. Wako wanaosema faili imepotea, faili zimepotea. Wako wa faili limepotea, mafaili yamepotea. Yote huandikwa. Ila katika kazi yako ngeli ya li-ya inafaa zaidi, kwa sababu kompyuta, flashi, diski na folda zote ni za i-zi. Ukisema "faili ya kompyuta iliyoharibika", msomaji hajui kilichoharibika ni faili au ni kompyuta yenyewe. "Faili la kompyuta lililoharibika" halina shaka.

Kuhusu "iliyoharibiwa": kauli ya kutendwa humtafuta mtendaji. Limeharibiwa na nani? Umeme ukikatika Windows ikiwa katikati ya kuandika, au diski ikianza kuchoka, faili huharibika tu. Mteja akisoma "limeharibiwa" atadhani analaumiwa, au atahangaika kutafuta virusi visivyokuwepo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni "ikikosa kuwaka". Kompyuta isiyowaka haina taa wala feni haizunguki. Hapo hutazamwa chaja, betri na soketi, na hakuna faili litakaloisaidia. Ya mteja wako inawaka, ila Windows haifunguki, au kama wasemavyo mafundi, haibuti. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na ukiyachanganya katika sentensi ya kwanza, mteja ataanza kufungua kompyuta kwa bisibisi.

Halafu "badilisha". Kitenzi hiki ni kutoa hiki ukaweka kingine, na pia ni kugeuza kilichopo. Mteja anaweza kulifungua faili akaanza kugeuza yaliyomo, nawe huko Malindi hujui. Afadhali uvunje tendo hilo vipande: "lipe jina jingine", kisha "nakili". Usiandike "futa", kwa kuwa kinachofutwa kwenye dirisha la amri (lile jeusi la kuandikia amri) hakipitii pipa la taka. Wala usiandike "hamisha", maana faili litaondoka kwenye flashi, na huenda ndiyo nakala pekee. Epuka pia "faili zima": wewe unakusudia lisilo bovu, yeye ataelewa faili lote.

Mimi ningeyaandika hivi:

"Kompyuta inawaka lakini Windows haifunguki. Izime. Chomeka flashi ya kuwekea Windows, ya GB 8 au zaidi, uiwashe kompyuta kwa kupitia flashi hiyo. Ukurasa wa kwanza ukitokea, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Katika dirisha jeusi andika dir C:\ kisha Enter. Usipoona folda za Windows na Users, andika dir D:\ na uendelee hivyo mpaka uzione."

Hatua hiyo ya kutafuta herufi ya diski usiiruke. Kompyuta ikiwashwa kwa flashi, diski iliyokuwa C huweza kuitwa D, na hapo ndipo wengi hunakili faili mahali pasipo pake. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya Windows ya kulinda diski), haitasomeka mpaka mteja aweke ufunguo wake wa tarakimu 48.

"Windows ikiwa kwenye D, andika: sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows"

Amri hii hukagua mafaili ya mfumo na kuyarekebisha yenyewe kutoka akiba ya Windows iliyomo humo humo kwenye diski. Ianze hiyo. Ikishindwa, ndipo unakili kwa mkono. Tuseme skrini imelitaja faili la winload.efi (moja ya yanayoianzisha Windows), na flashi yenye nakala ni E:

ren D:\Windows\System32\winload.efi winload.kale

copy E:\winload.efi D:\Windows\System32

Hiyo "kale" si neno la amri. Ni jina tu, nimeliweka la Kiswahili ili mteja ajue lipi la zamani, na mambo yakienda kombo alirudishe. Nakala nayo itoke kwenye Windows ya toleo lile lile, ama sivyo utaondoa tatizo moja ulete la pili. Kama faili lilikuwa salama na kilichovurugika ni kumbukumbu za kuwashia, amri ya bcdboot D:\Windows huziandika upya.

Faili likirekebishwa leo na kesho jingine likaharibika, ishuku diski. Ipo amri ya chkdsk D: /r, ya kukagua diski yote, lakini humfanyisha kazi nzito mgonjwa, kwa hiyo nyaraka zinakiliwe kwanza. Katika maelezo mwandikie mteja "diski inaharibika", si "imeharibika". Akiona -me- atajua yameshakwisha na kuiweka kando. Akiona -na- atajua bado ana nafasi ya kutoa picha na hati zake leo hii.