Chupa za mvinyo wa nanasi zinapasuka

*Salaam, wahariri. Natengeneza mvinyo wa nanasi. Nilitaka utoe povu kama shampeni, basi kila chupa ya mililita 750 nikaitia vijiko viwili vya mezani vya sukari, nikaziba kwa nguvu. Wiki ya pili chupa tatu zimepasuka. Kosa ni nini? – Msomaji, Kayunga*

Ndugu msomaji, kwanza zifunike zilizobaki kwa gunia zito na usizishike kwa mikono mitupu. Kosa liko kwenye vijiko. Gramu 4 za sukari katika lita moja, hamira ikizila zote, huleta presha ya takriban baa 1. Vijiko vyako viwili ni kama gramu 25, yaani gramu 33 kwa lita: baa 8! Watu wa Champagne, kule Ufaransa, hutia gramu 24 hivi, wapate baa 6, karibu mara tatu ya presha ya tairi la gari dogo, na chupa zao ni nene kwa sababu hiyo. Chupa ya kawaida ya mvinyo haikuundwa kubeba gesi.

Safari ijayo, subiri mvinyo umalize kuchacha: haidromita (kipimo kinachoelea, kinachoonyesha sukari iliyobaki) isome 1.000 au chini, isibadilike kwa siku tatu. Sukari iliyobaki bila wewe kujua hujumlishwa na utakayoongeza. Kwa lita 20 pima gramu 160 kwa mizani, uzichemshe na maji kidogo, zipoe, kisha changanya kwenye pipa zima. Ukitia chupa kwa chupa, moja haitatoa povu na nyingine italipuka. Gramu hizo 160 huleta baa 2, inatosha. Tumia chupa safi za plastiki za soda, uache nafasi ya vidole viwili juu. Chupa ikiwa ngumu huwezi kuibonyeza, iweke kwenye friji. Mashapo yatakaa chini, mimina polepole.

Povu lisipotokea, mara nyingi mvinyo ulishafika kilevi cha asilimia 14 na hamira imechoka. Anza na 10 au 11.

*Kwa nini Prosecco ni nafuu kuliko Champagne? – Mhudumu wa hoteli, Jinja*

Champagne huchachishwa mara ya pili ndani ya chupa ileile, na haiuzwi kabla ya miezi 15. Kulalia hamira ndiko kunakoipa harufu ya mkate. Zabibu zake kuu ni Chardonnay, Pinot Noir na Meunier. Prosecco ya Italia, ambayo angalau asilimia 85 ni zabibu ya Glera, kwa kawaida huchachishwa kwenye tangi la chuma kwa wiki chache, ikabaki na harufu ya peasi. Mgeni akitaka ladha ya mkate kwa bei nafuu, mpe Cap Classique, mvinyo wa povu wa Afrika Kusini, nayo huchachia chupani.

Na akiomba isiyo tamu, usimpe iliyoandikwa "Extra Dry": ina gramu 12 hadi 17 za sukari kwa lita. "Brut" haifiki 12.