Kasa na nyavu za kuvulia kamba: maswali yenu

Meli zinakokota nyavu za kuvulia kamba Saadani, mbona kasa hatuwaoni?
Kasa hukaa chini muda mwingi, hupanda dakika chache tu kuvuta pumzi, na maji ya mdomo wa mto Wami yana tope. Hata wanaohesabu kwa ndege huona sehemu tu, ndiyo maana huongeza makadirio ya waliokuwa chini. Kasa ni wa aina kadhaa: noa yuko kwenye mkondo wa bahari akila konyeza, ng'amba yuko miambani. Anayeingia wavuni zaidi ni duvi, mla kaa wa sakafuni, na kasa wa kijani anayefuata majani ya baharini kwenye maji mafupi.

Kile kichungio cha chuma cha kumtoa kasa, ni kweli kinamwaga kamba?
Kikifungwa vibaya, ndiyo. Ni wavu wa vyuma unaoshonwa ndani ya wavu wa kuvulia, kabla ya mfuko wa nyuma. Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10. Kamba hupita, kasa hugonga, huteleza na kutokea kwenye tundu lenye kifuniko. Siri ni mwinamo: takribani nyuzi 45. Kikisimama mno, kasa hatelezi, magogo na majani ya mto hurundikana, tundu linabaki wazi na kamba wanatokea hapo. Kikilala mno, maji hukimbilia tundu na kubeba kamba. Pima kichungio kikining'inia, mfuko ukiwa umevutwa, maana kamba za kufungia hulegea baada ya siku chache za kazi. Kifuniko kisishonwe kamwe, hata kwa uzi mmoja: kasa atazama humo humo.

Kasa katoka wavuni amelegea kama maiti. Tumtupe?
Msimtupe, tafadhali! Wengi huwa wamezimia tu, na akirudishwa majini hivyo atakufa kweli. Mlazeni kifudifudi, nyuma pakiinuliwa sentimita 15 au zaidi ili maji yatoke mapafuni. Kivuli, kitambaa chenye maji juu ya gamba, pua zibaki wazi. Msimgeuze chali, msimkanyage kifua. Guseni mkia au pembeni mwa jicho mara kwa mara. Akishtuka, yu hai. Subirini saa 4 hadi 24. Akichangamka, simamisheni mashine na nyavu, kisha mshusheni taratibu nyuma ya chombo.

Sisi wa ngalawa Pangani, yanatuhusu?
Sana. Jarife, wavu wa kutega wenye macho makubwa, likilala usiku kucha humzuia kasa kupanda kupumua. Litegeni mbali na majani ya baharini, mlikague usiku huo huo. Kumuua au kumuuza kasa ni kosa kisheria, hata akiwa amenaswa kwa bahati mbaya.