Kabla Mjomba hajauza shamba la chai

Mjomba, shikamoo. Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Unasema hapo Tukuyu wanaambiana kwamba mimi ni mkemia mkubwa Uingereza, nakaa mbele ya kompyuta na mashine zinajifanyia kazi zenyewe. Unasema pia kuna wakala Mbeya mjini anayeweza kumleta mwanao kwa njia hiyo hiyo, na shamba la chai limeshapata mnunuzi. Nimekasirika, ila si wewe uliyenikasirisha. Najibu hapa kwenye kundi la ukoo maana wengi mnaniuliza hayo hayo pembeni.

Baridi na upweke mmeshasimuliwa na wengine. Mimi naongelea kazi.

Maabara yetu inapima mabaki ya viuatilifu, yaani dawa za shambani, kwenye matunda na mboga. Zamu yangu ni ya usiku. Masanduku yanaingia jioni, nakata, nagandisha, nasaga pamoja na barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, mpaka tunda linakuwa unga. Napima gramu 10 kwenye mrija, natia mililita 10 za asetonitraili, kimiminika cha kutoa dawa kwenye tunda, natikisa, kisha namimina salfeti ya magnesiamu gramu 4 na chumvi ya kawaida gramu 1. Ile salfeti inanyonya maji na mrija unapata joto mkononi. Hilo joto ndilo pekee linalonikumbusha kwamba nafanya kemia. Naweka mrija huo, nashika mwingine, mpaka alfajiri. Asubuhi wenzangu wanaingia, wanapakia vichupa vya sampuli hizo kwenye mashine ya kupima dawa, wanasoma majibu na kutia sahihi. Mimi naosha vyombo na kwenda kulala.

Shahada yangu ilitambuliwa, barua ninayo. Lakini maabara yenye ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, lazima ithibitishe uwezo wa mtu kwa kila kazi kabla ya kumruhusu aifanye, na mimi nimeidhinishwa kuandaa sampuli tu. Utaratibu wenyewe ni mzuri, hata ningekuwa bosi ningeufuata. Kinachoniuma ni kwamba kila nikiomba mafunzo ya mashine naambiwa usiku hakuna mwingine wa kushika nafasi yangu. Kijana aliyekuja nyuma yangu, ambaye hata shahada hajamaliza, sasa ndiye anayesoma majibu ya sampuli ninazosaga.

Kuondoka nako ni shida. Viza yangu imefungwa kwa mwajiri huyu. Nikiacha kazi, kwa kawaida napewa siku 60 nipate mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini wageni, la sivyo nirudi. Kwa hiyo nikiambiwa njoo Jumapili, naenda.

Usiku mmoja nilifungua sanduku la parachichi za Hass, lebo imeandikwa Tanzania. Jina la mkulima halikuwepo, namba tu. Nilikata moja nikasimama nalo kidogo, maana huenda limetoka kwetu Rungwe, au Njombe. Dawa isiyowekewa kikomo chake maalumu hapa hairuhusiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu 1 katika tani 100, Fuso kumi zilizobeba tani kumi kumi. Ikizidi hapo, mzigo unaweza kukataliwa na mkulima asijue kwa nini. Nilitaka sana kujua majibu. Sikuambiwa, hayakunihusu.

Sasa wewe, mdogo wangu, mtoto wa Mjomba. Uko Chunya, maabara ya kupima dhahabu. Unachoma sampuli na oksidi ya risasi kwenye tanuri, unapata kitufe cha risasi, unakirudisha motoni kwenye kikombe kinachonyonya risasi mpaka kinabaki kipunje cha fedha na dhahabu, unatoa fedha kwa asidi ya naitriki, unapima. Nje kuna mtu amekaa kwenye ndoo anasubiri kujua marudio yake, ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, yana nini, na karatasi anayopewa ina sahihi yako. Bosi wako anachelewesha mshahara, najua. Hata hivyo, ukiulizwa wewe ni nani, una jibu. Usije.

Ila sisemi usitoke kabisa. Mashine za huku ni za kujifunza, usiwasikilize wanaosema nyumbani panatosha. Omba ufadhili wa masomo wa Jumuiya ya Madola, Watanzania wanaruhusiwa. Njoo kama mwanafunzi aliyelipiwa, shika mashine kwa mikono yako, kisha uamue. Ukibaki sitakulaumu, na mimi nimebaki.

Njia ya wakala ndiyo siitaki. Nilipokuja katikati ya 2023, kima cha chini cha mshahara kwa viza hii kilikuwa pauni 26,200 kwa mwaka. Tangu tarehe 22 Julai 2025 kima cha jumla ni pauni 41,700. Vijana na wenye shahada ya uzamivu wana nafuu kidogo, lakini msaga sampuli hakaribii huko. Juu yake kuna ada ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, yote unalipa kabla hujapanda ndege. Na cheti cha udhamini, ile hati ya mwajiri ya kuombea viza, analipia mwajiri mwenyewe, haruhusiwi kukudai fedha hiyo. Anayekuuzia cheti ni tapeli, Mjomba, hata kama anasali na nyinyi.

Chai msiuze. Bei ya majani inawakatisha tamaa, naelewa, lakini ardhi ya Rungwe ikishatoka mikononi hairudi. Fedha za mama na ada za watoto nitaendelea kutuma. Ndiyo sababu bado nasaga, na sijuti kuwasomesha. Mkiona nimechelewa msinuniane nami, nipigieni tu.

Nitumieni jina la mwajiri anayetajwa na huyo wakala. Orodha ya wenye leseni iko wazi bure kwenye tovuti ya serikali ya huku. Nitaliangalia leo kabla sijaingia zamu, na mpaka niwajibu, msitie saini chochote.