Bisibisi haipo, fundi ataflashi nini?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Napiga picha za harusi hapa Iringa mjini. Nimenunua lenzi iliyotumika, Nikon AF 80-200mm f/2.8D, lakini kwenye kamera yangu ya Nikon D3200 haifokasi mpaka nizungushe kwa mkono. Fundi anasema nimpelekee kamera aiflashi, yaani aweke upya programu yake ya ndani, itakubali. Muuzaji naye ananishawishi nichukue konveta ya 2x, kile kipande cha kukuza mara mbili kinachofungwa kati ya kamera na lenzi, nikapige wanyama Ruaha. Unanishauri nini?

JIBU: Mdogo wangu, kamera hiyo usimpelekee.

Toa lenzi, tazama mgongo wake. Kuna kichwa kidogo chenye mfereji, kama skrubu. Kinangoja bisibisi itakayochomoza kwenye mdomo wa kamera na kukizungusha, maana lenzi yenyewe haina mota. D90, D7000, D7100, D7200 na D7500 zinayo bisibisi hiyo. D3200 haina, wala ndugu zake wote wa D3000 na D5000. Sasa huyo fundi ataflashi nini? Programu kazi yake ni kuiamuru mota, na hapo mota haipo! Hapa Mbeya naletewa kamera zilizoingia kwenye mikono hiyo zikiwa nzima, zimetoka haziwaki kabisa, na mwenyewe ana send-off Jumamosi. Inaniuma, kwa sababu hazikuwa na ugonjwa wowote.

Uvumi huu nadhani unatokana na wenzetu wa Canon. Lenzi zao za EF, tangu 1987, zina mota ndani, kwa hiyo wamezoea kuchomeka na kupiga. Anayekwambia “lenzi ni lenzi” huenda hakudanganyi, anasimulia kamera yake. Na usidhani ukihamia Nikon Z, zile zisizo na kioo ndani, umepona: kwa adapta ya FTZ lenzi yako itabaki ya mkono vilevile.

Kwa sasa funga ringi ya lenzi kwenye f/22, tundu lake dogo kuliko yote, la sivyo kamera itaandika fEE na kugoma. Fokasi kwa mkono huku ukiangalia nukta ya kijani ndani ya kitundu cha kutazamia, upande wa chini; ikitulia, piga. Maharusi waliosimama madhabahuni utawapata. Wakiingia ukumbini wanacheza, wengi watakuponyoka.

Konveta achana nayo. Ya 2x inakula stopu mbili, yaani mwanga unabaki robo, f/2.8 yako inageuka f/5.6, na zile za Nikon za TC-E zilitengenezwa kwa lenzi zenye mota, hazipitishi bisibisi. Hata ukiwa na D7200 hutapata autofokasi. Wanaoifunga kwenye lenzi ya f/5.6 wanafika f/11, wakati autofokasi ya kamera nyingi za kioo kama hizi inaishia f/5.6 na chache f/8 kwa nukta ya katikati. Kisha anatokea mjuaji anaziba pini kwa selotepu ili kamera isijue kuna konveta. Kamera haijui, lakini mwanga haujaongezeka: vihisi vya fokasi hulinganisha mwanga unaopita pande mbili za lenzi, na tundu likiwa jembamba haviupati. Lenzi inakwenda mbele na nyuma, tembo anaingia kichakani.

Hela ya konveta iweke, utafute bodi ya D7000 au D7100 iliyotumika. Nenda na lenzi yako dukani, ifunge, bonyeza shata nusu. Usiposikia mota ikikoroma na lenzi ikizunguka, usilipe.