Nani anailinda michango yako? Maswali ya wasomaji kuhusu Bunge, CAG na mifuko ya hifadhi

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanagusa jambo moja: mbunge ana nguvu gani juu ya fedha za Serikali, na ana nguvu gani juu ya zile tunazokatwa kwenye mshahara kila mwezi? Nimechukua sita. Yale ya pensheni nimeyapa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yanayowaumiza watu wengi hapa mjini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Temeke, nakaribia kustaafu. Wabunge walioipitisha sheria iliyotuletea kikokotoo ndio haohao wanaosimama bungeni kututetea. Tumwamini nani?

Shikamoo mwalimu. Tuanze na hesabu yenyewe, maana wengi wanakizungumzia kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, bila kuona tarakimu. Chukua mtumishi aliyefanya kazi miaka 35, yaani miezi 420, na mshahara unaotumika kwenye hesabu ni shilingi milioni 1 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma (kila mwezi wa kazi unahesabiwa kama sehemu moja ya 540 ya mshahara wa mwaka, na nusu ya pensheni hiyo ya mwaka inalipwa kwa pamoja kwa miaka 15.5, yaani mkupuo), alikuwa anaondoka na takriban milioni 72.3 mkononi, kisha kama 389,000 kila mwezi. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022 (sehemu ya 580, miaka 12.5, mkupuo asilimia 33) anapata mkupuo wa milioni 35.8, na pensheni ya mwezi kama 485,000. Bajeti ya 2024/25 ilipandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu, na hapo mtumishi wetu anafika milioni 43.4, huku pensheni ya mwezi ikirudi kwenye 434,000 hivi. Nimeweka mshahara uleule kote ili tofauti ionekane wazi.

Mtu aliyekuwa amepanga kumalizia nyumba yake Chanika kwa milioni 72, akapewa nusu ya hiyo, hatulizwi kwa kuambiwa kwamba ya mwezi imeongezeka.

Sasa wabunge. Mwanzoni mwa 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma ulioanza kazi Agosti mwaka huo. Tarakimu za kikokotoo hazikujadiliwa kifungu kwa kifungu pale ukumbini. Zilikuja baadaye kwa kanuni za waziri. Kelele za wafanyakazi zilipozidi, Rais Magufuli aliagiza mwezi Desemba 2018 kwamba utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Kwa hiyo lile lililowagusa wastaafu kuliko yote liliachiwa wizara, na Bunge likaja kulisikia wakati watu wameshaumia. Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo ambayo kazi yake ni kuzichambua kanuni kama hizi. Swali la kumuuliza mbunge wako ni hili: muswada ulipokuja, uliomba kuziona rasimu za kanuni kabla ya kusema ndiyo? Majibu yamo kwenye Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, na kila mtu anaruhusiwa kuzisoma.

Kuna jambo moja zaidi, nalo kwangu ndilo kiini. PSPF ilipoanzishwa mwaka 1999 ilibeba watumishi wa zamani ambao hawakuwahi kuchangia, kwa ahadi kwamba Serikali italipa sehemu yao. Malipo yalichelewa miaka na miaka, na mfuko ukawa unawalipa wastaafu kwa michango ya waliokuwa bado kazini. Mifuko pia iliikopesha Serikali fedha za kujengea Chuo Kikuu cha Dodoma, nayo malipo yakasuasua. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ililipa sehemu ya deni la PSPF kwa hati fungani maalumu zisizo taslimu, yaani hati za ahadi ya kulipa badala ya fedha mkononi, zenye thamani ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Ni hatua nzuri, ila ilikuja wakati mfuko umeshadhoofu. Mchango wa pensheni ni mshahara wako uliokubali kuupokea baadaye. Mbunge anayeuhesabu pamoja na kodi, kana kwamba ni fungu jingine la Serikali, ameanza kazi yake vibaya.

Nalinda usiku kwenye jengo moja Tabata. Kampuni inanikata kila mwezi lakini NSSF wanasema michango yangu haijafika. Mbunge anaweza kunisaidia?

Pole sana kaka. Anza na NSSF wenyewe, yaani mfuko wa hifadhi wa wafanyakazi wa sekta binafsi, kabla ya mbunge. Sheria inamtaka mwajiri awasilishe michango, yake na yako, ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha. Akichelewa anatozwa adhabu, na mfuko una mamlaka ya kumpeleka mahakamani. Kusanya hati za mshahara zinazoonyesha makato, chukua taarifa ya michango yako NSSF, weka malalamiko kwa maandishi na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri. Mkiwa walinzi kumi mnaolalamika pamoja, ni vigumu zaidi kampuni kumwandama mmoja.

Mbunge anaingia pale mfuko unaponyamaza. Anaweza kuuliza swali bungeni: NSSF inawadai waajiri kiasi gani, na imewashtaki wangapi? Waziri akijibu, jibu lake linabaki kwenye kumbukumbu rasmi. Mwandikie ukiambatisha nakala za karatasi zako. Mbunge asiye na karatasi mkononi hujibiwa kwa maneno ya jumla.

Nakaa Kigamboni. Kila siku navuka daraja na kulipa, na huku Dege naona maghorofa yamesimama bila watu. Yote ni ya NSSF. Nani aliruhusu?

Umeweka pamoja miradi miwili ambayo inafaa kutazamwa kwa pamoja. Daraja la Nyerere lina urefu wa mita 680 na lilifunguliwa Aprili 2016. NSSF ilibeba asilimia 60 ya gharama na Serikali asilimia 40, na tozo unayolipa ndiyo njia ya kurudisha fedha za wanachama. Watu wa Kigamboni wamelalamikia tozo hiyo tangu mwanzo, na mwaka 2022 ilipunguzwa. Nawaelewa kabisa, maana wanalipa kwenda kazini na kurudi, wakati mkazi wa Mbezi anapita barabara yake bure. Lakini mbunge anayedai tozo ifutwe lazima aseme katika sentensi hiyohiyo nani atawarudishia wanachama fedha zao. Kama ni Hazina, basi fungu liwekwe kwenye bajeti. Bila hivyo anawapunguzia wapiga kura wake mzigo kwa kumtwika yule mlinzi wa Tabata.

Dege ni habari nyingine. NSSF iliingia ubia wa kujenga nyumba 7,460, ujenzi ukasimama mwaka 2016, na hoja za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) zikafuata, kisha mipango ya kuuza. Maswali ya kuuliza yalikuwa yanajulikana tangu siku ya kwanza: nani atazinunua nyumba zote hizo kwa bei hiyo, ardhi ya mbia imethaminiwa na nani, na mradi ukikwama mwanachama anabaki na nini?

Ruhusa hutoka kwa Bodi ya Wadhamini, ambayo ina wawakilishi wa Serikali, waajiri na wafanyakazi. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi tunawasahau mno katika mjadala huu. Kabla hujamkasirikia mbunge, muulize aliyekaa kwenye bodi kwa jina lako alisema nini. Bunge nalo lina Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) na ile ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma (PIC). Kamati zinapofika Kigamboni kukagua jengo, zege limeshamwagwa. Ningependa zipewe haki ya kuona andiko la mradi wowote mkubwa wa mfuko kabla ya mkataba kusainiwa, na maoni yao yawekwe hadharani.

Nasoma chuo hapa Ubungo. Kila mwaka tunasikia ripoti ya CAG, mabilioni yamepotea, wiki mbili kimya. Kuna aliyewahi kuwajibika?

Wapo. Utaratibu wenyewe ni huu. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, CAG anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, na Ibara ya 143 ya Katiba inataka ziwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Baada ya hapo PAC, PIC na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) huwaita maafisa masuuli, yaani wakuu wa taasisi wanaowajibika kwa matumizi ya fedha, wajieleze hoja kwa hoja, kisha Bunge linapitisha maazimio. Fedha unayoisikia Aprili ilianza kutumika zaidi ya mwaka mmoja na nusu uliopita. Kuchelewa huko kunawapa watu nafasi ya kuhama ofisi, kustaafu, hata kupoteza majalada.

Mifano ipo. Aprili 2012, baada ya ripoti za CAG, mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alikusanya saini za wabunge kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda, na Mei Rais Kikwete akapangua baraza la mawaziri. Mwaka 2014 mbunge David Kafulila alilisimamia bungeni suala la Tegeta Escrow, akaunti iliyotunza fedha za mgogoro wa malipo ya umeme kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL, ambako zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitolewa Benki Kuu. CAG alikagua, na PAC chini ya Zitto ikawasilisha taarifa yake Novemba. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, akajiuzulu Januari 2015.

Tazama kilichofanya Escrow iende mbali: mbunge aliyeng'ang'ania, mkaguzi aliyepewa kazi mahususi, kamati iliyokuwa na nyaraka, na wabunge wa pande zote waliokubali kupitisha maazimio. Kimoja kikikosekana, ripoti inabaki kabatini. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha azimio la kutofanya kazi na CAG Mussa Assad kwa sababu alisema hadharani kwamba Bunge lina udhaifu. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa kubwa. Bunge linalomkataa mkaguzi wake linajinyima macho, na hasara inamwangukia mlipa kodi.

Elewa pia kwamba mbunge hakamati mtu. Kukamata na kushtaki ni kazi ya TAKUKURU na Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa hiyo unapoisoma ripoti mpya, nenda kwanza kwenye sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Hoja inayorudi mwaka wa tatu mfululizo ndiyo ya kumpelekea mbunge, si lazima iwe yenye tarakimu kubwa kuliko zote.

Nina duka Kariakoo. Wabunge wana uwezo wa kuikataa bajeti, au wanapiga meza tu?

Uwezo wanao, ila una gharama. Ibara ya 90 inampa Rais mamlaka ya kulivunja Bunge likikataa bajeti, na Ibara ya 99 inawazuia wabunge kujipangia kodi au matumizi mapya bila pendekezo la Serikali. Silaha ya kila siku ni kushika shilingi: mbunge anazuia shilingi moja ya mshahara wa waziri hadi apate maelezo ya kutosha. Wengi huirudisha haraka mno, mara tu waziri anapoahidi kulifanyia kazi. Angeomba tarehe kwanza.

Mbunge anawakagua wengine. Mfuko wa jimbo anaousimamia yeye nani anaukagua? (Mama lishe, Buguruni)

CAG anaukagua, mama. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha hupitia halmashauri, kwa hiyo taarifa zipo kwa mkurugenzi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuziomba kwa maandishi. Omba orodha ya miradi ya kata yako, kiasi kilichotolewa kwa kila mmoja na muhtasari wa kikao kilichoipitisha. Kama kwenye orodha kuna vyoo vya soko au darasa, nenda ukavitazame, na usipoviona mwandikie mkurugenzi tena, nakala kwa diwani wako.